Mtoto anapopata shida ya kujifunza: hatua za kuchukua nyumbani na shuleni

Mtoto akishindwa kusoma wakati wenzake wanasoma, watu wazima hukimbilia kumpa jina. Ataitwa mvivu, mzito, mtundu, asiyejali. Jina likishamganda, hakuna tena anayemtazama akiwa kazini, kwa kuwa kila mtu anadhani jibu limeshapatikana. Mwongozo huu unaanzia upande mwingine. Kwanza tujue kazi inamkatikia wapi, kisha tubadilishe kazi yenyewe, mahali pa kuifanyia au namna ya kuifundisha, kabla ya kumdai mtoto abadilike yeye. Njia hii inamfaa mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na upungufu wa akili), mwenye usonji (tofauti ya ukuaji inayogusa mawasiliano na mahusiano na watu), asiyesikia vizuri, mwenye ualbino, na hata yule ambaye hajapimwa na hakuna anayejua ana nini.

Nimewaandikia wazazi na walezi kwanza, halafu walimu wa madarasa ya kawaida wenye watoto wengi na muda mchache. Sehemu kubwa ya yaliyomo haihitaji kifaa cha kununua.

Hatua ya 1: Andika unachokiona

Chukua daftari dogo, ulitumie kwa wiki mbili au tatu. Andika tarehe, kazi aliyopewa, kilichotokea na muda uliotumika. “Hasomi” ni malalamiko tu, hakuna anayeweza kuyafanyia kazi. “Alisoma sentensi tatu kwa dakika nne, maneno yote sahihi, lakini alipofika mwisho hakukumbuka mwanzo” ni taarifa, na mwalimu au mtaalamu akiisoma anajua pa kuanzia.

Kwa upande wa kusoma, kuna jambo ambalo wengi hulikosa. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Hilo humsaidia mtoto, lakini pia huficha tatizo. Mwenye disleksia anaweza kusoma kwa usahihi kabisa, ila polepole mno, silabi kwa silabi, wakati wenzake wanaliona neno na kulitamka papo hapo. Kwa hiyo usihesabu makosa pekee, sikiliza na kasi. Halafu fungua daftari lake la imla, maana huko ndiko shida inakojitokeza waziwazi: “mbuzi” inakuwa “buzi”, “ng’ombe” inakuwa “gombe”, “alinitembelea” inapoteza vipande vya katikati na kubaki “alitembea”. Sauti zilizoungana na maneno marefu ndiyo mitego mikubwa.

Kugeuza b na d peke yake kusikutie hofu kwa mtoto wa chini ya miaka saba, kwa sababu watoto wengi hupitia hapo na kuachana nalo. Na disleksia si ugonjwa wa macho. Shida yake, kwa walio wengi, iko katika kuzitambua sauti zilizomo ndani ya neno na kuziunganisha na herufi haraka. Ndiyo maana miwani ya rangi inayouzwa kama tiba haiondoi tatizo. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, alieleza katika jarida la kitabibu habari za kijana wa miaka 14 mwenye akili timamu na mwepesi wa kuelewa, ambaye hata hivyo alishindwa kabisa kusoma. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana huyo angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Watoto wa namna hiyo bado wapo madarasani, na wengi wao wanaadhibiwa.

Kurasa za mwisho za daftari ziwe za anachoweza: hadithi anazosimulia vizuri, vitu anavyotengeneza, watu anaotulia nao. Usizione kama kurasa za kumfariji mzazi. Ukifika kwenye mpango (hatua ya 5), utazihitaji kuliko zile za makosa.

Hatua ya 2: Anza na masikio, macho na afya ya mwili

Kabla hujasema chochote kuhusu akili ya mtoto, hakikisha anasikia na anaona. Majimaji yanaweza kujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua au maambukizi. Mtoto husikia vizuri wiki hii, wiki ijayo husikia nusunusu. Mwalimu anamwona leo anajibu, kesho hajibu, anahitimisha kuwa ni jeuri. Anayeomba kurudiwa mara kwa mara, anayetazama midomo ya msemaji, anayeongeza sauti ya redio au asiyegeuka akiitwa kutoka nyuma, apelekwe kupimwa masikio. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika, basi kuwahi kuna faida.

Kwa macho, tazama anayekunja uso akiangalia ubao, anayesogeza kitabu karibu na pua, anayepoteza mstari. Mtoto mwenye ualbino karibu kila mara ana uoni hafifu, na miwani humsaidia bila kumaliza tatizo. Huyo anahitaji maandishi makubwa, ruhusa ya kusogea ubaoni, na kiti kilicho mbali na mwanga mkali wa dirisha.

Kuna na kifafa cha aina isiyojulikana sana. Mtoto haanguki wala hatikisiki. Anakodoa macho kwa sekunde chache, haitiki, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hali hiyo inaweza kujirudia mara nyingi kwa siku, na kila mara anapoteza kipande cha somo. Anayeota ndoto za mchana huzinduka ukimgusa bega, lakini huyu hazinduki. Ukiona hivyo, mrekodi kwa simu ukiweza na umpeleke hospitali, kwa kuwa kifafa hiki kina dawa.

Uliza pia kuhusu usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku. Upungufu wa damu nao hupunguza umakini. Na jambo moja lisisubiri hata daftari lijae: mtoto aliyekuwa akisema maneno, akacheka na watu, kisha akaanza kupoteza uwezo huo, aonwe na daktari mara moja.

Hatua ya 3: Kaa na mwalimu kama mwenzako

Usiende langoni asubuhi wakati kengele inagonga. Omba muda, hata wa robo saa, baada ya masomo. Nenda na daftari lako. Namna unavyoanza ndiyo itakayoamua kama mtasaidiana au mtalaumiana. Unaweza kusema hivi: “Mwalimu, nashukuru kwa kunipa nafasi. Nyumbani nimeona akisoma anachoka baada ya mistari michache, na imla inamshinda, lakini ukimsimulia hadithi anaikumbuka yote. Wewe darasani unaonaje?” Kisha nyamaza usikilize. Mwalimu anaona mambo usiyoyaona: mtoto hukaa na nani, hutulia saa ngapi, kazi gani humfanya aombe ruhusa ya kwenda chooni.

Nawe mwalimu, ikiwa wewe ndiye unayeanza mazungumzo, tangulia na jambo jema ulilomwona mtoto akifanya, na liwe la kweli. Mzazi aliyezoea kuitwa shuleni kusikia mabaya tu hufika akiwa amejikinga. Epuka kutaja ugonjwa ambao hujathibitishiwa. “Huyu ana usonji” ikitoka kwa mtu asiyempima inaweza kuvunja nyumba nzima. Sema ulichokiona na upendekeze apimwe.

Hatua ya 4: Tafuta tathmini, lakini msaada uanze leo

Tathmini nzuri humtazama mtoto mzima: historia yake tangu mimba, lugha ya nyumbani, kusikia, kuona, kusoma, kuhesabu, tabia. Haifanywi kwa maswali ya dakika tano. Kwa ADHD, hali ya kukosa umakini au utulivu iliyopita kiasi, wataalamu hutaka dalili ziwe zimedumu angalau miezi sita, zimeanza kabla ya miaka 12, na zinaonekana katika mazingira mawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni. Mtoto anayehangaika kwa mwalimu mmoja tu, na kwingineko ametulia, pengine ana tatizo la somo hilo. Kumbuka pia kwamba wapo wasiorukaruka. Wanakaa kimya, wanatazama dirishani, wanasahau kalamu kila siku. Hawa, wakiwemo wasichana wengi, hupitwa kwa sababu hawamsumbui mtu.

Foleni ya kupimwa inaweza kuwa ndefu. Usingoje. Mtoto anayesoma polepole apewe muda zaidi leo, iwe ana cheti au hana. Haki yake ya kusoma pamoja na wenzake haitegemei hisani ya mtu: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka nchi zilizouridhia, katika kifungu cha 24, kutoa elimu jumuishi na kumfanyia mwanafunzi marekebisho anayoyahitaji. Ukiambiwa “shule yetu haipokei watoto wa namna hii”, omba jibu hilo kwa maandishi, kisha ulipeleke kwa ofisi ya elimu inayohusika.

Utakutana pia na wauzaji wa tiba: dawa za kuondoa usonji, mafuta ya kuamsha ubongo, maombi yanayoambatana na sharti la kuacha dawa za kifafa. Kuacha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuua. Usonji haupakwi wala haunywewi dawa ukaondoka, na haukuletwa na chanjo wala na kosa la mama.

Hatua ya 5: Andikeni mpango wa ukurasa mmoja

Shule nyingine zina fomu rasmi ya mpango wa elimu wa mtoto binafsi. Kama haipo, ukurasa mmoja unatosha. Juu kabisa andikeni anachoweza na anachopenda. Chini yake malengo mawili au matatu, si kumi. Lengo liwe la kuonekana kwa macho: “Kufikia mwisho wa muhula atasoma aya ya mistari mitano aliyoizoea kwa dakika mbili” linapimika, “ataboresha usomaji” halipimiki. Kisha: nani atafanya nini, siku zipi, na mtakutana lini tena. Wiki sita ni muda wa kutosha kuona kama jambo linafanya kazi. Lisipofanya kazi, badilisheni njia.

Tumieni zile kurasa za anachoweza. Mtoto anayesimulia vizuri aanze kwa kusimulia, mtu amwandikie maneno yake mwenyewe, halafu hayo ndiyo yawe somo lake la kusoma. Maneno anayoyajua yalikotoka hayamtishi.

Mtoto mwenyewe aulizwe. Hata wa miaka saba anajua kinachomsumbua: “Nikikaa karibu na mlango siwezi”, “Naogopa akisema nisome kwa sauti”. Jambo hilo la pili lina dawa nyepesi. Mwalimu asimshtukize. Amwambie jana yake aya atakayoisoma, akaifanyie mazoezi nyumbani.

Hatua ya 6: Rekebisha darasa

Mengi yanayomsaidia mtoto mmoja huwasaidia na wengine. Toa agizo moja kwa wakati, lifupi, kisha mwambie mtoto alirudie kwa maneno yake. Andika ubaoni hatua za kazi. Mpe nusu ya maswali kama anayoyafanya yanatosha kuonyesha ameelewa. Mruhusu ajibu kwa mdomo pale ambapo mtihani ni wa sayansi, si wa kuandika.

Asiyesikia vizuri akae mbele, aone uso wako, nawe usiongee huku umegeukia ubao. Kiziwi anayetumia lugha ya alama ahudumiwe kwa lugha hiyo, na wenzake darasani wafundishwe alama kidogo kidogo, la sivyo atakaa katikati ya watoto arobaini akiwa peke yake. Wazazi wengine huogopa kwamba alama au ubao wa picha utamzuia mtoto kusema. Hauzuii. Mtoto akishaweza kuomba maji kwa njia yoyote ile, hasira zake hupungua na hamu ya kuwasiliana huongezeka.

Asiyeona ajifunze mapema maandishi ya nukta nundu, yanayosomwa kwa kupapasa kwa vidole, hata kama kuna simu inayosoma kwa sauti. Louis Braille alikuwa na miaka 15 alipobuni mfumo wake wa nukta sita mwaka 1824, na hadi leo kusikiliza sauti peke yake hakumwonyeshi mtoto asiyeona jinsi neno lilivyoandikwa. Mwenye uoni hafifu apewe maandishi ya angalau pointi 18, meusi kwenye karatasi isiyong’aa.

Mwenye mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa misuli na mwendo unaotokana na ubongo, anaangaliwa kwanza anavyokaa. Nyayo zikanyage kitu, mgongo uegemee, meza ifike usawa wa viwiko. Mtoto anayetumia nguvu zake zote kujizuia asianguke kitini hana nguvu ya kuandika. Na ukimuuliza swali, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kurudia au kumjibia. Wengi wanaelewa kila neno, ila mdomo unachelewa.

Kwa mwenye usonji, siku isiyotabirika ndiyo inayochosha. Bandika picha za ratiba: kuingia, kusoma, kula, kucheza, kurudi. Mabadiliko yakija, mwonyeshe mapema. Usimlazimishe akutazame machoni, anaweza kuwa anasikiliza vizuri zaidi akiangalia pembeni. Akirudia sentensi ya mtu, mara nyingi ana maana yake. Anayesema “Unataka maji?” huenda ndiye mwenye kiu. Akilemewa na kelele, akalia na kujipiga, punguza watu, punguza sauti yako, ngoja. Maelezo na mafundisho yasubiri saa nyingine.

Fimbo sijaitaja kwa sababu haina nafasi hapa. Haimfundishi mtu sauti ya herufi, wala haimwongezei kusikia.

Hatua ya 7: Nyumbani, kidogo kila siku

Dakika kumi na tano kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi zinazoishia kwa machozi. Chagua wakati ambao ameshakula na kupumzika. Zima televisheni.

Anza na mchezo wa sauti, bila kitabu. “Sema *kalamu*. Sasa iseme bila *ka*.” Akiweza, nenda kwenye sauti mojamoja: “Sema *baba*. Badilisha b uweke k.” *Kaka*. “Sasa weka d.” *Dada*. “Weka m.” *Mama*. Mchezo huu unaweza kufanywa njiani au wakati wa kuosha vyombo, na unagusa palepale panapomsumbua mwenye disleksia.

Kisha vipande vya karatasi vyenye silabi. Apange, asome, avunje, apange tena. Sauti ngumu kama *mb, nd, nj, ng’, ny* zifundishwe moja baada ya nyingine, na asihamie ya pili kabla ya kuizoea ya kwanza. Akifika kwenye maneno marefu, mfunulie muundo wake. *Hawakuniambia* lina silabi saba, mzigo mzito kwa anayezibeba moja moja. Likate: *ha-wa-ku-ni-ambia*. Muulize *wa* ni akina nani, *ni* ni nani, tendo ni lipi. Anayejua kwamba vipande vina maana huanza kuvitambua kwa jicho katika maneno mengine: *hawakuniona*, *hawakunipa*, *hawatanipa*.

Mwisho, kusoma. Aya ileile isomwe siku tatu au nne mfululizo. Kwanza someni pamoja kwa sauti, wewe ukifuata mwendo wake, halafu asome peke yake. Akikwama, ngoja kidogo, kisha mpe neno na muendelee. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kufanya nusu ya kazi hii: kukaa naye, kumsikiliza, na kumwambia “nisimulie ulichosoma”. Kusimulia ndiko kunakothibitisha kwamba ameelewa. Dada au kaka mkubwa afanye nusu iliyobaki.

Kwenye hesabu, rudi kwenye vitu vya kushika hata kama darasani wameshafika mbali. Mtoto ambaye ukimpa 7 na kumwongezea 2 anarudi kuhesabu kutoka 1 hajaishika saba kama kitu kizima. Mpe mbegu au vizibo, baadaye michoro, baadaye ndipo tarakimu peke yake.

Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, stadi za kujihudumia zina thamani sawa na herufi. Njia inayofanya kazi vizuri ni kuanza na hatua ya mwisho. Unamfundisha kuvaa suruali: wewe fanya yote hadi ifike magotini, yeye aivute tu hadi kiunoni. Amemaliza mwenyewe, msifu. Akizoea, ishie kwenye vifundo vya miguu. Kisha mguu mmoja. Kila siku anaishia kwenye kufaulu, tofauti na kumwanzisha mwanzo na kumvalisha wewe akishindwa katikati.

Sifa iwe ya kitu alichofanya. “Umerudi kusoma neno ulilokosea bila kuambiwa” inamfundisha arudie kufanya hivyo. “Una akili sana” haimwambii afanye nini kesho.

Ndugu zake waelezwe kwa lugha nyepesi, na wapewe muda wao pia, kwa sababu mtoto anayelelewa pembeni ya mwenye ulemavu huwahi kukomazwa. Na mzazi apumzike bila kujiona mkosefu. Kama kuna mtu wa kumwachia mtoto mchana mmoja, mwachie.

Hatua ya 8: Mitihani, dhihaka na kubadilisha darasa

Marekebisho ya mtihani, kama muda wa ziada, msomaji wa maswali, maandishi makubwa au chumba tulivu, huombwa mapema, mara nyingi miezi mingi kabla. Muulize mkuu wa shule mwanzoni mwa mwaka. Na yatumike kwenye mazoezi ya darasani pia. Mtoto asiyewahi kusomewa maswali atapotea siku ya kwanza atakapopata msomaji.

Dhihaka ikianza, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, na uifikishe shuleni siku hiyohiyo. Kumwambia mtoto “wapuuze” ni kumwachia mzigo wetu. Mwalimu anaweza kulimaliza jambo kwa kumpa mtoto huyo kazi inayoonyesha anachoweza mbele ya wote.

Mwisho wa mwaka ndipo mengi hupotea. Mwalimu mpya anaanza upya, na kilichojulikana kwa miezi kinasahauliwa. Omba kikao cha makabidhiano kabla ya likizo, mwalimu wa zamani na mpya wakiwepo, na uache nakala ya ule ukurasa mmoja pamoja na sampuli za kazi zake, moja ya mwanzo wa mwaka na moja ya mwisho. Mtoto naye afundishwe sentensi mbili au tatu za kujisemea mwenyewe, azifanyie mazoezi nyumbani hadi zimtoke bila aibu: “Mwalimu, naomba unisomee swali hili.” “Sisikii nikikaa nyuma.” “Naelewa, ila nahitaji muda.”